Kuvua kwenye barafu: mbwa aende au abaki nyumbani?

Ziwa likishaganda kuwa barafu, wenye mbwa huanza kuniuliza kama wanaweza kwenda nao kuvua samaki kupitia mashimo ya kwenye barafu. Mimi ni daktari wa mifugo, na kabla hatujafika kwenye habari ya baridi, mimi huwauliza: ndoano zenye chambo mnaziweka wapi?

Kwa mbwa, ndoano yenye chambo ni kitoweo tu. Haonji, anabugia. Mwenyewe akigeuka anaona uzi wa nailoni unaning'inia mdomoni, na papo hapo anataka kuuvuta. Tafadhali usiuvute. Ndoano ina kijino kinachotazama nyuma, na kila ukivuta kinazidi kuzama kooni au tumboni. Uzi nao si salama: ukinasa chini ya ulimi au tumboni, matumbo huendelea kusukuma, yanajikunjakunja juu yake, na mwishowe uzi unayakata. Uache ukining'inia, mzuie mbwa asiutafune, usimpe chakula, mpeleke kwa daktari mara moja. Uzi huo hutusaidia kuifikia ndoano.

Barafu yenyewe ndiyo inayoua watu. Anayetembea kwa miguu anahitaji barafu mpya, ngumu na ang'avu, isiyopungua sentimita 10. Ile nyeupe ina takriban nusu ya nguvu hiyo. Wewe unatoboa na kupima unapopita. Mbwa akiona ndege anafyatuka hadi mahali mto unapoingilia ziwani, ambapo maji yanayotiririka yameila barafu kwa chini. Akizama, usimfuate; barafu iliyomshinda yeye haitakubeba wewe. Baki palipo imara, mwite kwa sauti, mrushie kamba, piga simu ya uokoaji. Ndiyo maana nasisitiza avae mkanda wa kifuani na afungwe kamba tangu mnapokanyaga barafu mpaka mnaporudi nchi kavu. Mashimo ya kuvulia nayo yafunikwe: mbwa mdogo huweza kutumbukia mzima mzima.

Baridi utaiona miguuni kwanza. Anainua mguu huu, anashusha, anainua ule, kisha anakaa na kugoma. Mara nyingi theluji imeganda katikati ya vidole. Itoe kwa vidole vyako, mtandikie mkeka. Akitetemeka, mpeleke kwenye joto. Akilegea na kuacha kutetemeka ilhali bado yuko baridini, hiyo ni dharura. Ndani ya hema lenye jiko la gesi, acha hewa ipite, kwa sababu monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo jikoni humo, haina harufu, na inawadhuru nyote wawili.

Mbwa ninayemruhusu mimi ni mzima wa afya, mwenye manyoya mazito, anayetii. Mjaribu nyumbani: angusha kipande cha nyama sakafuni, mwambie "acha". Akikila, msimu huu nenda peke yako, uendelee kumfundisha. Akikiacha, nenda naye, ila usimpe samaki mbichi uliyemvua. Samaki wa maji yasiyo na chumvi huweza kubeba viluwiluwi vya tegu. Mpike samaki huyo kwanza, umtoe miiba.