Kuandika Habari za Gemu Si Kuwa Bingwa wa Kucheza

Vijana wengi Kisumu huamini kwamba mwandishi wa habari za gemu ni yule asiyeshindwa akishika pedi ya kuchezea, anayetumiwa gemu za bure ili azisifu. Wapi! Kazi yenyewe ni kuhoji watu.

Mwaka 2018 mwandishi Jason Schreier, akiwa Kotaku, tovuti ya habari za gemu, alifichua jinsi wafanyakazi wa Rockstar Games, kampuni ya kutengeneza gemu, walivyosukumwa kufanya kazi saa nyingi kupita kiasi. Ubingwa wa kucheza haukumsaidia hapo; alizungumza na makumi ya wafanyakazi, wa sasa na wa zamani.

Kwako wewe unayeanza, habari iko mtaani Kondele hapa Kisumu, kwenye mabanda ya pleistesheni ambako watu hulipa ili wacheze. Mechi moja ni pesa ngapi? Stima ikipotea katikati, nani anarudishiwa? Kodi na leseni ya kaunti zinamwachia mwenye banda nini? Gemu zake ni halali au za kunakiliwa? (Hilo liulize mwisho, akishakuzoea.) Omba kuona risiti, kisha uhakikishe kwa ofisa wa kaunti. Anayetaka jina lifichwe, mkubaliane kabla hajaanza kusimulia. Na ukipewa gemu ya bure, mwambie msomaji.