Je, wajua kwa nini Msingapore akiwa ughaibuni haachi "lah" yake, kale kaneno anakokabandika mwishoni mwa sentensi?

Ofisini London utamsikia anaongea Kiingereza kilichonyooka kabisa, halafu simu ya nyumbani ikiingia tu ni "can lah, can lah", na ukidhani Kiingereza kimemshinda basi umekosea sana.

Hiyo ndo Singlish, Kiingereza cha Singapore kilichochanganyika na Kimalei, Kihokkien na Kikantoni (hizi mbili ni za Kichina), na Kitamili. "Makan", yaani kula, ni Kimalei, na "kiasu", mtu anayeogopa kupitwa na wenzake, ni Kihokkien.

Kuna wanaosema eti haina sarufi, hapo mimi nabisha. Chukua hilo "can" peke yake: "can lah" ni inawezekana bwana, usihofu, "can meh?" ni kweli itawezekana? (hapo ana mashaka), na "can lor" ni haya basi, itawezekana tu, hata kama moyo haupo. Kasilabi kamoja mwishoni kanabeba hali yote ya msemaji, na ukikakosea wenyewe wanajua papo hapo we ni mgeni. Alafu kuna "I eat already", muundo wa Kichina huo, unaonyesha kitendo kimekwisha, sawasawa na sisi tunavyosema nimeshakula, na hiyo -sha- yetu nayo imetokana na kwisha, sasa kosa liko wapi?

Serikali yao haikuipenda, mwaka 2000 ikaanzisha kampeni ya kuhimiza Kiingereza sanifu ili wageni wa biashara wawaelewe, na hoja hiyo ina uzito wake. Ila Tommy Koh, aliyewahi kuwa balozi wao Umoja wa Mataifa, na pia rais wa mkutano uliozaa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, aliwahi kusema kwamba akiongea nje ya nchi anatumaini Wasingapore wenzake watamtambua bila shida.

Na hapo ndo penye jibu. Msingapore anaweza kuwa wa asili ya Kichina, Kimalei au Kihindi, kwa hiyo ugenini sura haimtaji kwao ni wapi, wala pasipoti iliyo mfukoni haionekani. Ila kwenye treni iliyojaa watu, "lah" moja ikitoka siti ya nyuma, anageuka, na aliyeisema naye anakuwa ameshajua kwa nini amegeuka.