Plagi ya pikipiki: soma herufi kabla ya kuuliza bei

Wateja wengi huuliza plagi ipi ina moto mkali. Mimi huwaomba kwanza plagi kuukuu niisome, au wanitajie injini. Maandishi yale madogo kwenye kauri yanasema karibu kila kitu, na asiyeyasoma ananunua kwa kubahatisha.

Chukua plagi mbili za kampuni ya NGK zilizojaa madukani kwetu, C7HSA na D8EA. Herufi ya mwanzo ni unene wa uzi wa kufungia: C ni milimita 10, D ni milimita 12. Herufi inayofuata namba ni urefu wa uzi: H ni milimita 12.7, E ni milimita 19. Pikipiki za Kichina zenye injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 kwa kawaida hutumia D8EA au ndugu yake wa Kichina, D8TC. Angalia hapo: Wachina huandika A7TC kwa ile ambayo NGK huiita C7HSA, kwa hiyo usilinganishe herufi za kampuni moja na nyingine kwa macho tu.

Unene hauna ugomvi, isiyolingana haiingii. Balaa liko kwenye urefu. C7HSA na CPR8EA-9 zote zina uzi wa milimita 10, lakini ya pili ni ndefu zaidi. Ukiifunga kwenye kichwa cha injini cha plagi fupi itaingia, itakaza, na pengine injini itawaka. Kisha ama pistoni inaigonga, ama nyuzi zilizochomoza ndani zinashika kaboni, na siku ya kuifungua inatoka na nyuzi za kichwa. Ukikosea upande wa pili, plagi fupi kwenye kichwa kirefu, cheche inajificha juu shimoni na mafuta hayaungui vizuri.

Namba ya katikati ndiyo inayozua ubishi kijiweni. Inaeleza jinsi plagi inavyotoa joto kwenye ncha yake yenyewe. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka; kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Ncha ikiwa chini ya nyuzi joto 500 hivi haiunguzi masizi yake, yanarundikana na umeme unapotelea humo. Ikipita 850, inaweza kuwasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni kutoboka.

Sasa kuna hii hoja kwamba Dar au Mombasa kuna joto, basi tuweke 9 badala ya 8. Siikubali. Mwako ndani ya silinda unapita nyuzi joto 2,000. Tofauti ya hali ya hewa ya nje haiifanyi plagi ya kiwandani ishindwe. Tena plagi baridi haipozi injini. Bodaboda anayeshinda kwenye foleni na safari fupifupi akiwekewa 9, matokeo yake ni masizi na kupiga kiki asubuhi nzima. Anza na namba ya kiwanda, uiache hapo.

Kabla ya kubadili namba, tazama rangi ya ncha. Kahawia au kijivu ni salama. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au filta ya hewa chafu. Nyeusi yenye majimaji ya oili, ringi au sili za valvu zimechoka, na hapo hakuna plagi itakayokuokoa. Nyeupe kabisa, mara nyingi hewa imezidi. Pikipiki iliyotoka pwani kwenda Mbeya au Nairobi huanza kutoa nyeusi kwa sababu hewa ya huko juu ni nyepesi. Dawa yake iko kwenye kabureta.

Herufi R maana yake ndani kuna rezista, kipingamizi cha umeme. Kama pikipiki yako ni ya injekta, isiyotumia kabureta, usiiondoe R, maana mawimbi ya cheche yanaweza kuichanganya kompyuta yake.

Na plagi zenye ncha ya madini ya iridiamu? Zinadumu, na zinahitaji umeme mdogo kutoa cheche. Nguvu haziongezi kwenye injini ya kawaida, hata muuzaji aseme nini. Kwa bodaboda mimi hushauri plagi ya kawaida ya nikeli iliyo halisi, maana kwa bei ile ya iridiamu, feki nazo ni nyingi. Maandishi yaliyofifia, ncha iliyopinda upande, au washa (ile pete ya chuma chini ya plagi) inayotoka kirahisi kwa vidole: rudisha.

Hata ikiwa mpya, pima nafasi ya ncha kwa fila, kile kipimo cha vibamba vyembamba. D8EA ni milimita 0.6 hadi 0.7, ile 9 mwishoni mwa CPR8EA-9 ni milimita 0.9. Funga injini ikiwa imepoa, zungusha kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana na kuongeza nusu mzunguko. Ukirudishia plagi ya zamani, washa yake imeshabonyea, basi inatosha chini ya robo.