Mwanafunzi wa miaka 27: tunavyomrudisha mtu mzima kidato cha tatu

Ilikuwa siku ya nne ya kurekodi, kwenye shule iliyofungwa kwa likizo. Mhusika wetu mkuu ni kijana wa kidato cha tatu. Anayemwigiza ana miaka 27. Siku tatu za mwanzo nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Nimemnyoa, nimempaka, kakaa kwenye dawati na wenzake, hakuna aliyemtilia shaka. Siku hiyo mwongozaji akataka uwanja ujae watu, wakaletwa wanafunzi wa kweli wa mtaa ule. Dogo mmoja wa kidato cha pili akapita mbele ya mhusika wetu, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo."

Na yule bwana, kwa mazoea, akaitika, "Marahaba."

Kamera inarekodi.

Mimi kazi yangu ni meikapu ya tamthilia na filamu. Mtu akishajua hivyo, swali halichelewi: mbona kwenye tamthilia za Wamarekani wanafunzi wa sekondari wana vifua vya wabeba zege? Kwa sababu si wanafunzi, hata kidogo. Beverly Hills, 90210, tamthilia yao ya wanafunzi wa sekondari, ilipoanza kurushwa Oktoba 1990, Gabrielle Carteris, yule Andrea wa gazeti la shule, alikuwa na miaka 29. Ian Ziering alikuwa na 26. Luke Perry alitimiza 24 wiki moja baada ya kipindi kuanza. Na katika korido hizo hizo walikuwa wanapita Tori Spelling na Brian Austin Green, wenye miaka 17 halisi. Kati ya Carteris na Spelling kuna miaka 12. Huyo si mwanafunzi mwenzako, huyo ni dada anayekuja kukulipia ada.

Sasa kwa nini watu walimeza? Miwani ya Andrea ilisaidia. Kwa jicho la kazi yangu, miwani ile ilifanya nusu ya shughuli, maana miaka huanza kujionyesha chini ya macho. Televisheni nazo zilisaidia. Picha ya Marekani enzi zile ilikuwa na mistari 480 hivi inayoonekana. Picha za siku hizi, HD ina mistari 1080, na 4K ni mara mbili ya hapo. Zamani ungeweza kumpaka mtu fandesheni kama unapiga lipu ukuta na mtazamaji asione. Siku hizi anakiona kila kitundu cha ngozi.

Lakini sababu kubwa ni ile niliyofundishwa na yule dogo wa shikamoo. Umri wa mtu hatuusomi usoni kwake tu, tunausoma kwa aliyesimama jirani yake. Ukijaza darasa zima watu wa miaka 22, anayewatazama hana wa kuwapimia, kwa hiyo shule nzima inakuwa na miaka 16. Ndiyo maana Marekani hata matangazo ya kutafuta ekstra, wale wa kujaza korido tu, mara nyingi huomba mtu aliyefika 18 lakini anaonekana mdogo. Weka mtoto mmoja wa kweli katikati yao, na kazi yangu ya saa mbili imekwenda na maji.

Sheria nayo imo. California, mwenye miaka 16 au 17, kipindi cha masomo, anaruhusiwa kukaa eneo la kazi saa 10 tu: saa 6 za kazi, saa 3 za masomo na mwalimu anayeletwa hapo hapo wanaporekodi, saa 1 ya mapumziko. Walio chini ya 16 hupata pungufu ya hapo. Watu wazima siku ya kurekodi ni saa 12, na zikizidi hakuna anayeshangaa. Claire Danes alikuwa na miaka 15 tamthilia yake, My So-Called Life, ilipoanza mwaka 1994, mtoto kweli anayeigiza mtoto, na kwa kuwa saa zake zilikuwa za kuhesabu, waandishi walilazimika kuwapa wazazi na marafiki wa mhusika wake hadithi nyingi zaidi. Mimi nadhani tamthilia ilifaidika. Ila prodyuza anayelipia taa, jenereta na chakula cha watu 60 hafikirii hivyo. Kwetu hata bila kufungua kitabu cha sheria, mtoto anakuja na mama yake, na ikifika saa kumi na mbili jioni mama anawaza daladala.

Halafu kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuigiza kabisa. Euphoria, tamthilia nyingine ya wanafunzi wa Marekani, ina vilevi na vitanda kuliko ina vipindi vya hesabu. Zendaya, mhusika wake mkuu, alikuwa na miaka 22 ilipoanza mwaka 2019, na hapo sina ugomvi na yeyote. Na watoto wanakua. Stranger Things walichukua watoto wa kweli, ikatoka 2016 na hadithi inaanzia 1983. Msimu wa tano umetoka 2025, kwenye hadithi ni 1987. Miaka tisa ya mwili imebanwa ndani ya miaka minne ya hadithi. Millie Bobby Brown aliingia mtoto, akamaliza na miaka 21. Kwa hiyo ukikwepa mtu mzima mlangoni, kipindi kikidumu anakuingilia dirishani.

Tuje kwenye sponji na brashi. Wengi wanadhani kumpunguzia mtu miaka ni kumpaka zaidi. Ni kinyume. Kitu cha kwanza ninachoweka pembeni ni poda. Poda inazeesha: inakausha uso na kukaa kwenye kila mkunjo. Mtoto wa miaka 16 anang'aa paji la uso kwa mafuta yake mwenyewe, na ana chunusi mbili tatu kidevuni. Kwa hiyo namwachia mng'ao, na wakati mwingine namchorea chunusi. Nyusi za kuchonga hapana, kope za kubandika hapana, kucha za jeli ndiyo kabisa hapana. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kubandua kucha za "mwanafunzi wa bweni".

Wanaume kazi yao ni ndevu. Hata zikinyolewa hadi mwisho, kwenye ngozi nyeusi hubaki kivuli cha kijivu kinachozunguka mdomo na kushuka shingoni, na kamera inakipenda kivuli hicho kuliko inavyonipenda mimi. Ukikifunika kwa fandesheni moja kwa moja kinageuka majivu. Kwanza naweka rangi ya chungwa iliyokolea, inayoelekea wekundu, nyembamba, naipigapiga kwa kidole mpaka ile kijivu ife, ndipo rangi ya shavu lake inakuja juu. Ikifika saa tisa alasiri ndevu zimerudi, tunaanza upya. Na ukimnyoa kwa wembe kila siku, siku ya tatu vinyweleo vilivyojikunja vinarudi ndani ya ngozi na shingo nzima inatoka vipele. Ndiyo maana siku hizi nawaomba watumie mashine, wembe tuuache. Afadhali kivuli, nitakifunika, kuliko vipele.

Nywele ziliwahi kutuvunjia hadithi. Tulikuwa na dada, mwigizaji mzuri sana, anaigiza binti wa sekondari ya serikali. Sekondari zetu nyingi za serikali, binti anakata nywele. Yeye akagoma: ana mkataba wa tangazo la mafuta ya nywele. Mwongozaji akafoka, prodyuza akabembeleza, mwisho mwandishi akaitwa usiku, na kesho yake asubuhi baba wa yule binti akawa amepandishwa cheo na mwanawe kahamia shule ya kimataifa, yenye misuko.

Kuna vitu meikapu haivifiki. Mwili wa mvulana haukui wote kwa pamoja: viganja na nyayo vinatangulia, miguu na mikono vinafuata, mabega yanakuja kuchelewa. Ndiyo maana kijana wa miaka 14 anaonekana kama amevaa mikono ya mtu mwingine. Mabega yakishatanuka hayarudi. Wasichana wengi urefu unakaribia kukoma wakiwa na miaka 15 hivi, kwa hiyo mwanamke wa 23 anaweza kupita kwa 16 bila shida, ila mwanaume wa 23 nitamfikisha 17, labda, akiwa amekaa. Mvulana wa miaka 13 hana mbadala. Tafuta mtoto, kubali saa zake.

Sare ndiyo rafiki yangu mkubwa, na hapa tuna bahati kuliko Wamarekani, ambao wanafunzi wao wengi huvaa nguo za nyumbani. Mtu wa mavazi asiyejua hukata sare imkae mwigizaji vizuri. Kosa! Mzazi gani hununua sare ya kumkaa mtoto vizuri? Inanunuliwa kubwa, "ataikulia". Nampa mwigizaji shati lililozidi saizi moja, mabega yadondoke, mikono ifike vifundo vya vidole. Shati hilo hilo linaficha viganja, na viganja huzungumza umri kuliko uso. Tazama Blood & Water ya Afrika Kusini: Ama Qamata alikuwa na miaka 21 msimu wa kwanza ulipotoka mwaka 2020, anaigiza Puleng wa miaka 16, na anapita. Sare, ndiyo, lakini pia waliomzunguka wote wanafanana naye.

Kuna mwongozaji mmoja kila nikimlalamikia kuhusu umri wa watu anaoniletea hunijibu kwa Mzee Kimani Maruge, yule Mkenya aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. "Kwetu mwanafunzi hana umri," anasema. Ana hoja kidogo: madarasani kwetu kuna waliochelewa kuanza na waliorudia, na kidato cha nne mwenye miaka 20 si kioja. Ila huyo wa kweli wenzake wanamjua, wanampa jina, anakaa dawati la nyuma. Kwenye tamthilia kila mtu ni Maruge na hakuna anayeshangaa.

Linaloniuma ni dogodogo mwingine. Binti wa kaka yangu, miaka 15, aliniuliza kwa nini ngozi yake si kama ya wanafunzi wa kwenye Netflix. Tulikuwa tunatazama Never Have I Ever. Nikamwonyesha Paxton, mvulana anayesumbua shule nzima, nikamwambia huyo Darren Barnet alikuwa na miaka 29 msimu wa kwanza ulipotoka, Aprili 2020. Akaweka simu chini. "Shangazi, huyo si baba wa mtu?" Maitreyi Ramakrishnan, anayeigiza binti anayempenda Paxton kwenye hadithi, alikuwa na 18. Nikamweleza mpaka rangi ya chungwa chini ya kidevu. Kesho yake akaniomba nimwazime kopo.

Tuliirudia sini ile ya uwanjani. Watoto wa kweli wakasogezwa nyuma kabisa, kwenye ukungu wa lenzi, na pembeni ya mhusika wetu wakasimama ekstra wa miaka ishirini na kitu, warefu kama yeye. Akawa mdogo tena, bila mimi kugusa brashi. Mwongozaji alimpenda yule dogo wa shikamoo, akataka abaki mbele, ila badala ya shikamoo aseme "mambo". Alijaribu mara tatu. Mara zote alisema "mambo" huku anaangalia chini, mikono ameishika nyuma.