Darasa limejaa: nani anamsikia mtoto akisoma?

"Wakiitikia kwa sauti moja, wanasoma."

Wanaitikia tu. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, ba be bi bo bu, darasa linarindima. Sogea dawati la nyuma: yupo anayechezesha midomo huku macho yakiwa dirishani. Wimbo kaushika, herufi hazijui. Mwonyeshe "bu" kabla ya "ba" uone anavyokwama. Na ndani ya sauti 80, anayesema "kura" penye "kula" hasikiki, wala anayeisoma "ng'ombe" kwa ng ya "ngano". Kosa lisilosikika halisahihishwi. Mwakani atakutana nalo katika aya nzima.

"Mwalimu hodari humudu idadi yoyote."

Piga hesabu. Kipindi cha dakika 40, watoto 80: sekunde 30 kwa kila mmoja, na hapo hajafuta ubao wala kuamua ugomvi wa penseli. Kuhutubia 80 inawezekana. Kumsikiliza kila mmoja, hapana.

"Anayebaki nyuma ni mzito."

Kabla ya kumpima akili, tazama alipoketi. Kitabu kimoja watoto watano: wa katikati kakishika, wa pembeni anauona ukurasa kiubavu, wa ng'ambo ya meza anausoma kichwa chini miguu juu.

"Idadi ikipungua, kusoma kutakuja kwenyewe."

Hapa sisi tunaolalamikia mrundikano tukubali ukweli wote. Huko Tennessee, Marekani, kuanzia 1985, watoto waliopangwa kwa bahati nasibu kwenye madarasa ya 13 hadi 17 walisoma vizuri kuliko wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25. Lakini wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipochunguza darasa la kwanza nchini Kenya, idadi ilishuka kutoka wastani wa 80 na ushei hadi 40 na ushei, na waliobaki na walimu walewale hawakupata nafuu ya maana. Walimu hao walilegeza juhudi. Kilichosaidia, katika mradi huohuo, ni kuwagawa watoto kwa kiwango chao. Hata wa chini walipanda.

Anayesubiri madarasa mapya yajengwe anaweza kuanza hivi: wenzao wakinakili, watoto watano kwa siku waje mezani, kila mmoja asome mistari miwili peke yake. Siku 16 za masomo, wote 80 wamesikika.