Je, Wajua? Kwa Nini Ford ya Zamani Ina Vyuma Vyenye Chapa ya Dodge

Chukua Ford Model T ya mwaka 1910, usugue masizi na kutu kwenye vyuma vyake vya chini. Huenda ukakuta herufi mbili zimechomoza: DB. Si namba ya kipuri. Ni Dodge Brothers, yaani John na Horace Dodge wa Detroit, ndugu wawili ambao miaka michache baadaye walikuja kuuza magari yao wenyewe na kushindana na Ford. Chapa yao ilifikaje ndani ya gari la mpinzani?

Ilifika kwa sababu wenye majina makubwa ya mwanzo hawakuwa watengenezaji kwa maana tunayoifikiria leo. Walikuwa waunganishaji. Februari 1903, miezi kadhaa kabla kampuni ya Ford kusajiliwa, akina Dodge walikubali kutengeneza seti 650 za injini, giaboksi, ekseli na fremu, kila seti dola 250. Katika karakana ndogo ya Mack Avenue, kazi kubwa ya watu wa Ford ilikuwa kufunga bodi, viti na magurudumu. Akina Dodge wakapata pia asilimia 10 ya hisa za kampuni hiyo changa. Jina lililosomeka mbele ya gari lilikuwa la Ford, lakini wenye matanuri na mashine za kukereza chuma walikuwa wengine.

Na Ford hakuwa wa kwanza. Machi 1901 kiwanda cha magari cha Olds kiliungua moto hapohapo Detroit. Mwenye kiwanda, Ransom Olds, akaagiza injini kwa fundi mashine Henry Leland na giaboksi kwa akina Dodge haohao, gari lake dogo likaendelea kutoka. Huko Ufaransa, Louis Renault alipounda gari lake la kwanza mwaka 1898 alilitia injini ya De Dion-Bouton, kama walivyofanya waunda magari wengi wa wakati huo. Basi ukikuta jina la De Dion-Bouton kwenye injini, umemjua mwenye injini tu. Gari lenyewe bado hujalijua. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, hahitaji kuelezwa hili mara mbili: kila siku anafungua altaneta ya Toyota na kusoma neno Denso, jina la mtengenezaji mwingine.

Kabla ya kuuliza chapa inasema nini, uliza iliingiaje kwenye chuma. Hapa ndipo wengi hukosea.

Chuma cha kusubu humiminwa kikiwa kimeyeyuka ndani ya kalibu ya mchanga. Herufi huwa zimechongwa kwenye kiolezo kilichobonyezwa mchangani, kwa hiyo hutoka zimechomoza, kingo zake butu kidogo, na uso wake una chengachenga za mchanga ule. Chuma cha kufua hupigwa kwa nyundo ya mashine kati ya kalibu mbili za chuma. Herufi zake nazo huchomoza, ila ni kali zaidi, na pembeni mwa kipuri mara nyingi kuna mstari ambapo kalibu mbili zilikutana. Aina ya tatu ni herufi zilizodidimia, zilizogongwa kwa stempu na nyundo baada ya kipuri kuwa tayari. Tofauti hii ina uzito. Herufi iliyochomoza ilizaliwa pamoja na chuma chenyewe, na mtu hawezi kuiongeza baadaye kirahisi. Iliyogongwa yaweza kuwa ya mkaguzi wa kiwandani, ya gereji, au ya mwenye gari aliyeogopa wezi miaka 30 baadaye. Mimi naamini kwanza ile iliyochomoza, kisha ndiyo naisikiliza ya pili.

Viwanda vingine havikuandika jina, viliweka umbo. W ndani ya almasi ni J. H. Williams wa Brooklyn. B ndani ya pembetatu ni Billings & Spencer wa Hartford. Wote wawili walikuwa wafua vyuma, wanaojulikana hasa kwa spana zao.

Pale ambapo hakuna jina wala umbo, maneno ya hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) husaidia. Nchini Marekani, hadi mwaka 1927, bidhaa yenye hataza iliweza kupigwa chapa ya PAT pamoja na tarehe ya hataza hiyo. Kuanzia hapo sheria ikataka namba. Lakini tarehe hiyo ni ya hataza, wala si ya kipuri. Taa iliyoandikwa 1908 yaweza kutengenezwa mwaka 1914. Kisichowezekana ni kutengenezwa mwaka 1905 ikiwa na tarehe hiyo. Herufi D.R.P. au D.R.G.M. zinakupeleka Ujerumani, na hizo za pili hazikuwepo kabla ya mwaka 1891. S.G.D.G. ni ya Ufaransa, kifupi cha maneno yanayosema hataza imetolewa bila dhamana ya serikali.

Majina nayo huhama mikono, na hapa inabidi kwenda polepole. Albert Champion alikuwa Mfaransa, bingwa wa mbio za baiskeli, aliyehamia Marekani na mwaka 1905 akaanzisha biashara Boston pamoja na akina Stranahan. Mwaka 1908 aliwaacha, akaenda Flint kwa msaada wa William Durant wa Buick, akaanza kutengeneza plagi huko. Akina Stranahan wakabaki na jina Champion, wakalipeleka Toledo. Mwenye jina lake la kuzaliwa akalazimika kutumia herufi zake mbili za mwanzo: AC. Kwa hiyo plagi iliyoandikwa Champion na Toledo haikutoka kwa Bwana Champion, ila ile ya AC ndiyo yake.

Bosch vilevile. Magneto zake za Stuttgart, Ujerumani, yaani vifaa vya kuzalisha umeme wa cheche ya injini, zilifungwa kwenye magari mengi ya fahari pande zote mbili za Atlantiki. Vita vikaja, na mwaka 1918 serikali ya Marekani ikataifisha mali za Bosch nchini humo na kuziuza. Kampuni ya Kimarekani ikaendelea kutumia jina lilelile. Jina la mahali lililoandikwa chini ya jina la Bosch ndilo linalotenganisha mbili hizi, kwa hiyo usisome mstari wa kwanza ukaacha wa pili.

Tafadhali usiondoe kutu kwa grainda. Chapa nyingi zimepotea hivyo, na kilichosagwa hakirudi. Loweka kipuri kwenye mafuta ya taa, piga brashi laini, kisha mulika tochi kutoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Karatasi nyembamba na penseli, kama watoto wanavyochora sarafu, huonyesha hata herufi zilizolika.

Tukirudi kwenye Model T, usishangae magari mawili ya mwaka mmoja yakiwa na kabureta tofauti, moja Kingston na jingine Holley, au taa za E&J huku na za Victor kule. Ford alinunua kitu kimoja kwa zaidi ya mtu mmoja, na magari yote mawili yaweza kuwa na spea zake za kiwandani. Herufi DB ndizo zenye mpaka ulio wazi. Mwaka 1913 akina Dodge walitoa taarifa kwamba wanaacha kumfanyia Ford kazi, na Novemba 1914 gari lao la kwanza likatoka. Tazama ubavuni mwa bloku ya injini, ambako Ford walisubu tarehe: mwezi, siku, mwaka. Bloku ikisema 1920 na ekseli ikisema DB, vyuma hivyo viwili havikuanza safari pamoja.