Bwawa la udongo: anza kukagua upande mkavu

Mgeni akifika kwenye bwawa la umwagiliaji hupanda juu ya tuta, husimama, hutazama maji. Tusimlaumu, maji ndiyo yaliyomleta. Sisi tunaokagua mabwawa huanzia upande wa pili, ule mkavu. Tunashuka hadi kwenye kitako cha tuta, pale mteremko unapokutana na ardhi ya asili, tunatembea taratibu vichwa vimeinama kama watu waliodondosha sindano majanini.

Kinachotafutwa ni unyevu: majani yaliyostawi kuliko mengine wakati wa kiangazi, mahali mguu unapozama kidogo, mchirizi mwembamba. Tuta la udongo halizuii maji, linayachelewesha. Hata mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, tabaka baada ya tabaka, hupitisha maji, ila kwa mwendo wa polepole mno. Mkulima akiniambia bwawa lao halivuji hata tone, naingiwa na wasiwasi kuliko nikisikia linavuja. Aghlabu hajashuka kuangalia.

Maswali ya maana ni matatu: maji yanatokea wapi, ni mengi kiasi gani, na yana rangi gani. Hilo la rangi ndilo zito. Chukua chupa ya kioo, kinga maji ya mvujo, iweke juu ya jiwe kivulini nusu saa bila kuitikisa, kisha tazama chini. Yakiwa safi, tuta linatoa jasho tu. Ukiona utando wa tope umetulia kwenye kitako cha chupa, huo ni mwili wa tuta unaoondoka chembe kwa chembe.

Mmomonyoko huo wa ndani huanzia upande mkavu na kurudi nyuma kuelekea bwawani. Chembe ya kwanza hung'oka pale maji yanapotokea. Nafasi iliyoachwa inafupisha njia, maji yanaongeza kasi, yanang'oa nyingine. Kitundu kinarefuka kama shimo la panya, ila panya huyu anachimba kuyafuata maji. Kikilifikia bwawa, hesabu inakuwa ya saa, si ya siku. Ndiyo maana tuta lililojengwa kitaalamu lina chujio ndani yake: tabaka la mchanga uliochaguliwa ukubwa wa chembe zake, upitishe maji na kunasa udongo. Likishafunikwa halionekani tena, na kwa bahati mbaya vitu visivyoonekana ndivyo vinavyorukwa kwanza fedha zikipungua.

Pa kutilia shaka zaidi ni kwenye bomba linalopita chini ya tuta kupeleka maji kwenye mifereji. Rola ya kushindilia udongo haifiki chini ya tumbo la bomba, udongo hapo hubaki umelegea, na maji hupata mwanya wa kufuata ukuta wake. Ukienda kukagua, pitia hapo mara mbili.

Kupima kiasi hakuhitaji mtambo. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha. Ikijaa kwa sekunde 80, mvujo ni lita 15 kwa dakika, yaani lita 21,600 kwa siku. Namba hiyo peke yake haisemi kitu. Andika pembeni yake kimo cha maji bwawani siku hiyo, na kama mvua ilinyesha. Bwawa likijaa mvujo huongezeka kidogo, na hilo linategemewa. Unaoongezeka ilhali kimo hakijapanda ndio wa kuogopwa. (Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kuwaamsha wakubwa usiku kwa mvujo uliokuwa umeongezeka maradufu, kumbe napima mvua ya jana ikishuka kutoka kilimani. Tangu siku ile safu ya mvua haikosekani kwenye daftari langu.)

Adui wa pili hupita juu. Kati ya mabwawa makubwa ya matuta yaliyowahi kubomoka duniani, karibu nusu yalizidiwa na maji yaliyofurika juu ya tuta, na karibu nusu nyingine yaliliwa kwa ndani. Kinga ya mafuriko ni utoro, ile njia ya pembeni ya kumwagia maji yaliyozidi, pamoja na kimo cha akiba kati ya utoro na kichwa cha tuta. Bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, linasomesha hadi leo. Wamiliki wake walishusha kichwa cha tuta ili barabara ya magari ya farasi ipite, wakaweka vyuma vya chekeche kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameshaondolewa na hayakurudishwa. Mvua kubwa ilipokuja, tarehe 31 Mei 1889, takataka ziliziba chekeche, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa. Kwa hiyo ukikuta mtu ameziba utoro kwa mifuko ya mchanga ili avune maji ya msimu mmoja zaidi, au njia ya ng'ombe imekula kichwa cha tuta hadi pakawa na bonde, usiondoke hivihivi. Maji yakifurika yatakimbilia bondeni hapo kwanza.

Miti isiachwe ikue tutani. Ukiukata mti mkubwa mizizi yake inaoza na kuacha mahandaki. Nyasi fupi zinatosha, tena zinakuwezesha kuona mashimo ya panya na mchwa.

Bwawa la umwagiliaji lina tabu yake ya peke yake: kila msimu hujazwa na kukaushwa. Likikauka, mfinyanzi hunywea na kupasuka. Mvua za kwanza zikijaza bwawa ghafla, maji huingia kwenye nyufa kabla udongo haujavimba na kuzifunga. Na ukiyashusha maji haraka mno kwa ajili ya mashamba, mteremko wa ndani unabaki umelowa, mzito, bila maji ya kuuegemea, nao unaweza kuporomoka.

Mvujo ukiwa na tope, watu wengi hukimbilia kuziba tundu kwa udongo upande mkavu. Usifanye hivyo, maji yaliyozibwa yatatafuta pengine. Mwaga mchanga, kisha kokoto juu yake, maji yatoke lakini udongo ubaki. Fungua bomba kupunguza maji bwawani. Lakini kabla ya yote, mtu mmoja apige simu kwa wanaoishi chini ya bwawa.

Tuta la Teton huko Idaho, Marekani, lenye kimo cha mita 93, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1976, baada ya saa 1 asubuhi, wafanyakazi waliona maji yenye tope yakitoka. Tingatinga mbili zilizotumwa kusukuma vifusi kwenye tundu zilimezwa, madereva wakaokolewa. Tuta lilikatika saa 6 kasoro dakika 3 mchana. Watu 11 walikufa na miji ya chini ikafagiwa, lakini maelfu walikuwa wameshaondoka, kwa kuwa polisi wa wilaya walipigiwa simu zaidi ya saa moja kabla.